Springi za Kumpandisha Verlyn Mlimani

Agosti 9
Moshi tena. Misitu inaungua upande wa pili wa milima na upepo unatuletea sisi. Nimeziba madirisha kwa taulo mbichi. Verlyn ameshinda kwenye kiti chake, mrija puani, mashine ya oksijeni miguuni, anaitazama kalenda ya duka la mbegu. Najua anatazama nini. Anatazama Oktoba.

Tangu nimeolewa sijawahi kuwa na mume nyumbani wiki ya pili ya Oktoba. Yeye na mdogo wake Orrin hupanda kwenye uwanda wa juu, pale baba yao alipowafundisha kuwinda kulungu wakubwa, wakalala kwenye hema la turubai, wakarudi wananuka hata mbwa anawakimbia. Mwaka jana alikosa, alikuwa amelazwa. Vumbi la kiwanda cha mbao alilolivuta ujana wake wote limekaa mapafuni na haliondoki. Hawezi tena kulala chini kwenye baridi, wala hawezi kukaa pasipo umeme wa mashine. Daktari alimwambia, ukitaka kwenda, nenda mwaka huu. Hakuongeza neno, na sisi hatukuuliza.

Agosti 12
Tumepata kijumba! Mjane Delphine Pruitt ametuuzia kile cha marehemu mumewe, cha kupakia kwenye bodi ya pikapu. Kina kitanda, jiko, choo cha kuingia kinyumenyume, na betri za kutosha kuendesha mashine ya Verlyn usiku kucha. Alipotupa funguo alimshika Verlyn mkono. "Kipeleke mlimani, ndugu yangu. Kimekaa bure, na mwenyewe angechukia." Nililia njia nzima kurudi nyumbani, kilio cha furaha tu.

Shida ilianza uwanjani. Tulipokipakia, pikapu ilikaa chini nyuma, pua ikatazama mawinguni. Orrin alizunguka mara mbili, kofia kisogoni, tumbaku shavuni.

"Shemeji, gari lako linaomba dua."

Agosti 14
Orrin amekuja kufunga springi za upepo. Ni mifuko miwili ya mpira mnene, mmoja kila upande, inakaa kati ya ekseli na chesisi, unaijaza upepo na nyuma ya gari inainuka. Verlyn aliketi kivulini akimpa amri na kumpitishia spana.

Mimi Orrin sijawahi kumwelewa. Kila kitu kwake ni mzaha. Kaka yake alipolazwa mwaka jana hakukanyaga wodini hata mara moja, kisha siku tuliporudi nyumbani akaja na boga, akaliweka mlangoni, akaondoka. Boga! Lakini leo amelala chini ya gari kutwa nzima, mgongo wake ule mbovu, na hakulalamika. Hilo namshukuru.

Alipomaliza alinionyesha mdomo wa kujazia upepo karibu na namba ya gari. Ameunganisha mifuko yote miwili kwa mpira mmoja wa kupitisha upepo. "Mdomo mmoja tu, shemeji, nikupunguzie kazi. Unajaza mara moja, pande zote zinakula."

Agosti 15
Gari limekaa sawa. Waliweka pimamaji kwenye bampa wakatazama kile kipovu wote wawili, vichwa vimegusana, wakashikana mikono. Kwa wanaume wa bonde hili gari likikaa sawa limepona.

Agosti 19
Moshi.

Agosti 22
Moshi. Verlyn amekohoa sana. Amefunga sanduku la vyombo vyake vya mlimani, akalifungua, akalifunga tena.

Agosti 28
Leo moshi ulipungua tukasema tujaribu. Mimi ndiye dereva, maana Verlyn hawezi tena. Niliendesha basi la shule kwenye korongo hili mpaka watoto niliowabeba wakaanza kuniletea watoto wao, kwa hiyo mtu asije akaniambia naogopa kona.

Barabara ya bondeni ilikuwa raha tupu. Verlyn aliimba. Orrin, kwenye kiti kidogo cha nyuma, alimwambia anyamaze kabla ng'ombe hawajakauka maziwa. Kisha tukaingia korongoni.

Kona ya kwanza inakata kulia, mto uko kushoto. Gari likalala kushoto. Hilo ni kawaida, mzigo uko juu. Gari hulala kidogo, kisha hujishikilia. Hili halikujishikilia. Liliendelea kulala, likalala, nikahisi kile kijumba kinatuvuta mtoni kama mtu aliyenishika koti. Nyuma sahani zikaporomoka. Nilinyoosha usukani taratibu, nalo likatupwa upande wa pili, likayumba, likarudi. Mbele yetu lori la magogo linashuka. Sikushika breki. Ukishika breki hapo umekwisha. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikasema jina la Yesu, lori likapita karibu kiasi kwamba ningeweza kumsalimia dereva kwa mkono.

Nikasimama kwenye sehemu pana ya barabara. Orrin hakuwa na mzaha hata mmoja. Verlyn alikuwa anahema haraka, midomo imeanza kugeuka bluu, nikamwongezea oksijeni na kumpapasa mgongo mpaka rangi ikarudi.

"Ni upepo tu umepungua," Orrin akasema baadaye. "Tuongeze."

Tukaongeza. Likawa baya zaidi, linaruka kwenye kila shimo na kwenye kona linalala vilevile. Tumerudi nyumbani kwa mwendo wa maziko.

Septemba 1
Nimewaambia: mimi simpandishi. Kona ya kwanza tu ilikuwa hivyo, na zile za juu, penye mteremko mkali, ni mbaya kuliko hiyo.

"Basi nitaendesha mimi," Orrin akasema.

"Wewe? Wewe uliyegonga lango la kanisa?"

"Lango lilikuwa limejificha, shemeji." Lakini hakucheka. Alisimama pale jikoni akizungusha kofia mikononi. "Unamnyima, Twyla. Unajua kwamba unamnyima."

Hajawahi kuniita kwa jina. Nilimjibu afadhali nimnyime mlima kuliko nimzamishe mtoni. Akatoka. Mlango aliufunga polepole, na hilo liliniuma kuliko angeubamiza.

Verlyn alikuwa amesikia yote. Nilimletea supu. "Usigombane na Orrin," akasema. "Nyinyi ndio mtakaobaki."

Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Septemba 3
Verlyn hakula.

Septemba 4
Amekula kidogo. Anasema hajakasirika. Naamini, na ndiyo maana inauma.

Septemba 6
Mvua! Mvua ya kweli, usiku kucha na asubuhi yote. Moshi umekwisha, milima imeoshwa, naiona mpaka mwamba wa mwisho. Nimefungua madirisha yote. Verlyn alikaa barazani na blanketi, akavuta pumzi polepole, akasema hewa ina ladha ya misonobari. Asante Mungu, asante, asante.

Septemba 8
Nitaandika polepole, nisisahau kitu.

Kwa kuwa safari imekwama, nikamwambia Verlyn angalau tukalale usingizi wa mchana ndani ya kijumba, hapohapo uwanjani, mvua ikitupigia bati. Godoro la Delphine lilikuwa limeota ukungu, kwa hiyo Janelle, binti yetu anayeishi mjini Boise, alitutumia godoro la kujaza upepo, la watu wawili. Verlyn akatangulia kulala. Mimi nikavua viatu, nikakaa upande wangu.

Verlyn akapaa.

"Ee, mama! Unanirusha mwezini!"

"Lala huko, nimeongezeka kidogo tu."

"Kidogo? Nimeiona dari inakuja."

Tulicheka mpaka akakohoa na mimi nikaogopa. Nikainuka nimpe maji, yeye akazama. Nikakaa, akapanda. Nikainuka, akashuka. Nikasimama pale na kikombe mkononi, nikawa kama nimepigwa.

Nilikaa tena, taratibu, nikitazama. Ninapokalia upande wangu upepo unakimbilia kwake. Mimi nazidi kuzama, yeye anazidi kuinuka. Na chini ya sakafu ile kuna mifuko miwili, na mpira mmoja kati yao.

"Verlyn," nikasema, "kwenye kona gari linalalia mfuko wa kushoto. Upepo wake unakwenda wapi?"

Alinitazama sana. Kisha akafumba macho. "Kulia," akasema. "Maskini Orrin. Umwambie wewe, mimi atajua namwonea huruma."

Septemba 9
Nimekwenda karakana ya Orrin na godoro chini ya kwapa. Nilipanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikalitandaza sakafuni kati ya matairi, nikawasha pampu.

"Lala hapo," nikamwambia. "Upande ule."

"Shemeji. Watu watasemaje?"

"Lala!"

Akalala na kofia yake. Mimi nikajiangusha upande wa pili kwa uzito wote niliojaliwa, naye akapanda juu kama mkate. Alicheka. Nikainuka, nikajiangusha tena. Safari ya tatu hakucheka. Akakaa, akavua kofia.

"Mpira mmoja," akasema.

"Mpira mmoja."

"Nilitaka nikupunguzie kazi." Akaupitisha mkono usoni. "Nusura nimuue."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamwambia hakuna aliyekufa, lifunguliwe, kila mfuko upate mpira wake na mdomo wake, yaishe. Akabaki ameketi kwenye lile godoro.

"Mwaka jana nilikuja hospitalini," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nafika maegesho ya magari, nazima injini, nakaa. Nilikuwa naliona dirisha lake. Miguu ikikataa nawasha, narudi nyumbani. Siku alipotoka nilisema leo lazima nipeleke kitu, na kwenye gari nilikuwa na boga tu."

Nilimkumbatia hapohapo, ananuka grisi na tumbaku, nikamwambia lilikuwa boga tamu, tulipika pai mbili. Na ni kweli.

Septemba 14
Siku tatu za kazi na uwanja wangu umejaa mafuta. Lakini nimeona kazi! Kila mfuko sasa una mpira wake. Orrin amesema upepo si wa kubeba mzigo peke yake, kwa hiyo ameongeza bamba nene la springi kila upande chini ya yale ya zamani, yubolti mpya za kuyabana kwenye ekseli, na shokapu nene kama mkono wangu. Kutoka kwa lori lililopinduka la binamu yake ameng'oa chuma kile kinachopita toka gurudumu hadi gurudumu kulizuia gari lisilale, akakisafisha na kukipaka rangi. Verlyn alikaza nati moja. Ilimchukua muda mrefu, na sisi wawili tukajikuta tuna kazi ya kutazama mawingu.

Septemba 18
Leo mizani. Garth, muuza nyasi, ana mizani ya kupimia malori, na mimi nilikataa kuondoka bila kupima. Nilisema tupime kama tutakavyosafiri: matangi yamejaa, mbwa ndani, mimi ndani. Orrin alikohoa kidogo kwenye "mimi ndani," nikamtazama.

Garth alisoma, akajikuna shingo. "Nyuma mmezidi."

"Tumefunga springi mpya!" Orrin akasema.

"Naziona. Nzuri. Springi zinabeba, lakini ekseli na matairi hawajaambiwa. Badilisheni matairi, na mpunguze mzigo."

Matairi sawa. Mzigo nilishangaa, maana nilipakia mwenyewe, vitu vya lazima tu. Orrin akafungua boksi refu lililo chini ya kitanda cha kijumba. Sufuria tatu za chuma. Msumeno. Jeki ya pili. Na chini ya yote, limekunjwa vizuri pamoja na milingoti yake, hema la turubai la baba yao, zito kama ndama.

"Verlyn! Hema la nini, na wewe unalala kitandani?"

"La Orrin," akasema. "Atalala wapi?"

"Kaka, mimi nina pikapu yangu. Ningelibeba mwenyewe."

Hapo nikaelewa. Kwao hema la baba hubebwa na mkubwa. Lilikuwa kwenye gari la baba yao, kisha siku ya mazishi likahamia kwenye gari la Verlyn, na halijawahi kupanda mlima kwenye gari jingine. Orrin alijua pia. Alikuwa amelishusha chini kwenye changarawe; akaliacha hapo, akarudi nyuma hatua moja.

"Tutoe maji," Orrin akasema. "Tutoe hizo sufuria. Mbwa nitambeba mimi. Hema libaki."

"Libebe," Verlyn akasema.

"Kaka, bado."

"Orrin, libebe. Mgongo wangu na wa gari vimechoka."

Walilibeba pamoja, Verlyn ameshika kamba tu, mrija unamfuata, mpaka kwenye pikapu ya Orrin. Garth aliingia ofisini kutafuta kitu ambacho hakikuwapo. Tukapima tena. Hatujazidi.

Septemba 25
Matairi mapya. Korongoni tena, mimi na Verlyn, Orrin nyuma kwenye gari lake. Kona ya kwanza: gari likalala kidogo, likajishikilia. Ya pili: likajishikilia. Nikapiga honi kama mwendawazimu. Sahani hazikugongana hata mara moja. Sehemu ileile tuliposimama mwezi uliopita nikasimama, nikashuka, nikalibusu bampa la nyuma, na Orrin akanipiga picha, Mungu amsamehe.

Oktoba 3
Theluji juu. Ni kama unga uliopepetwa, lakini ikizidi wataifunga barabara.

Oktoba 5
Theluji tena. Natazama mlima, Verlyn ananitazama mimi.

Oktoba 7
Jua! Daktari amempima, amekunja uso, kisha amesema usiku mbili, si zaidi, na akianza kuchanganyikiwa tushuke hapohapo. Nimeoka pai nne.

Oktoba 9
Tumefika.

Sina nguvu ya kuandika mengi. Nilipanda mteremko wote gia ya pili, Orrin mbele akinionyeshea mashimo kwa taa. Verlyn hakuimba, alitazama tu, kila mti, kila kijito. Tulipotokea kwenye uwanda, nyasi zote ni za dhahabu na theluji kwenye kingo, akasema "Haya, ndiyo hapa," akanipigapiga gotini. Orrin amelisimamisha hema peke yake. Verlyn alimkosoa kutoka dirishani mpaka akakinai.

Oktoba 10
Asubuhi baridi ya kukata masikio. Verlyn amelala vizuri, nimemsikiliza usiku wote. Nilikuwa nachemsha kahawa Orrin alipokuja kwa kunyata, bunduki begani, akaegemea mlango.

"Kaka. Kuna dume la kulungu linaita kule kwenye mierebi."

Verlyn akainua kichwa, akatega sikio, akatikisa kichwa. Kijumba ni kidogo na mashine inanguruma.

"Zima," akaniambia.

"Verlyn, hapana."

"Kidogo tu, Twyla. Zima."

Nimempikia mtu huyu maisha yangu yote, nimemfulia, nimemuogesha. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kubonyeza kile kitufe. Kimya kikatuingia. Nikamshika mkono, nikatazama midomo yake, sikutazama kingine. Ndipo likaita. Lilianza chini kama mlango mzito, likapanda mpaka ikawa filimbi, likakatika kwa mikoromo. Verlyn akafumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni na hakuyafuta. Likaita mara ya pili, karibu zaidi. Akainua kidole, nami nikawasha haraka, na sote watatu tukavuta pumzi.

Orrin bado alikuwa mlangoni. "Niende?"

"Nenda," Verlyn akasema alipoweza. "Uje uniambie ukubwa wake."

Tulingoja. Hatukusikia mlio wa bunduki. Orrin alirudi jua limepanda, suruali imelowa mpaka magotini, mikono mitupu.

"Dogo," akasema. "Mtoto mtoto. Halifai risasi."

"Sauti ile?" Verlyn akauliza.

"Sauti tu, kaka. Mdomo mwingi, kama mimi."

Verlyn alicheka, akalala usingizi, rangi yake nzuri. Mimi nikachukua ndoo nikaenda kijitoni, nikapita kwenye mierebi. Nyayo ziko pale kwenye theluji, kila moja kubwa kama bakuli langu la kukandia unga. Na mbele yake, karibu sana, alama za magoti mawili ya mtu aliyepiga magoti muda mrefu, akatazama, kisha akarudi zake.

Nilichota maji. Nikarudi. Nilimkatia Orrin nusu nzima ya pai, na aliponiuliza kuna nini, nikamwambia ale.